Lagastromia nyumbani: chagua kimo kwanza, rangi baadaye

Joto linapopamba moto na mimea mingi ya maua ikawa imesinyaa, lagastromia ndiyo kwanza inaanza msimu wake. Kila ncha ya tawi hubeba kishada cha maua meupe, ya waridi, mekundu au ya zambarau, na chini yake kuna shina laini lenye mabaka ambalo peke yake linatosha kupamba bustani. Jina la kitaalamu ni Lagerstroemia indica, na kwenye vibandiko vya vitalu vya miche huandikwa pia crape myrtle. Asili yake ni Asia. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliipa jina hilo mwaka 1759 kwa kumuenzi Magnus von Lagerström, mfanyabiashara wa Uswidi aliyekuwa akimpatia mimea ya Mashariki. Iko katika ukoo mmoja na hina na komamanga, na tabia imefuata ukoo: inapenda jua, haitaki maji yaliyotuama, na ikishashika mizizi hustahimili ukame.

Si mmea wa kusumbua. Ukiikuta imeharibika, mara nyingi imepatwa na moja kati ya mambo matatu: imepandwa kivulini, imelishwa mbolea kupita kiasi, au imekatwa kichwa kila mwaka. Hilo la tatu ndilo baya kuliko yote, na huanza siku ileile ya kununua mche, mtu anapovutwa na rangi ya ua bila kuuliza kichaka kitafika wapi.

Uliza kimo kabla ya rangi

Lagastromia zinapishana mno kwa ukubwa. Kuna vibete visivyofika mita 1.5, vinavyofaa kandokando ya njia au ndani ya chungu. Kuna za kati, za mita 2 hadi 4, ambazo ndizo vichaka hasa kwa bustani ya nyumbani. Halafu kuna zinazokua na kuwa miti midogo ya mita 6 hadi 9. Zikiwa kwenye mifuko ya kitalu zote huwa za goti au kiuno, na hakuna namna ya kuzitofautisha kwa macho. Soma kibandiko, na kama hakuna kibandiko, muulize muuzaji. Asipojua, tafuta kwingine.

Majina machache ya kukusaidia: 'Natchez' ina maua meupe na inaweza kufika mita 9, na magome yake ya rangi ya mdalasini ni mazuri kweli. 'Tuscarora' ni ya waridi iliyoiva, mita 5 hivi. 'Acoma' ni nyeupe yenye matawi yanayoinama, na 'Tonto' ina maua yenye wekundu wa kukolea. Zote mbili huishia karibu na mita 3. 'Pocomoke' ni kibete cha waridi. Zote hizi zilitokana na mradi ulioanzishwa katika bustani ya taifa ya miti ya Marekani, mjini Washington, na Donald Egolf, aliyechanganya lagastromia ya kawaida na jamaa yake wa Japani, Lagerstroemia fauriei, ili kupata miche isiyoshikwa upesi na ubwiri unga, yaani ukungu mweupe wa majani. Egolf alizipa aina zake majina ya mataifa ya wenyeji asilia wa Marekani, kwa hiyo ukikutana na jina la namna hiyo kwenye kibandiko, ni dalili njema.

Tahadhari moja kwa wanaoishi nchi za joto: vitaluni huuzwa pia Lagerstroemia speciosa, ambayo ni mti mkubwa hasa. Majani yake ni mapana na marefu kuliko kiganja, na ua lake moja hukaribia kujaza kiganja. Ni mti mzuri wa barabarani au uwanjani, lakini chini ya dirisha la chumba si mahali pake.

Pima mahali, si kwa macho tu

Lagastromia inahitaji jua la moja kwa moja lisilopungua saa 6 kwa siku, na ikipata 8 ni bora zaidi. Kivulini haifi, hurefuka, hujaa majani, hutoa maua machache ya kuhesabika, na ukungu huinyemelea. Kabla ya kuchimba, angalia pale ulipopachagua asubuhi, mchana na alasiri, kwa sababu kivuli cha ukuta au cha mti wa jirani huhama.

Udongo wake hauna masharti makubwa. Tifutifu ni bora, kichanga kinafaa, na hata mfinyanzi unavumilika mradi maji yanapita. Hupenda udongo wenye asidi kidogo, kati ya pH 5 na 6.5. Kujua kama maji yanapita, chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, liache lifyonze, ulijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yamesimama kesho yake, panda kwenye tuta au utafute sehemu nyingine.

Kuhusu nafasi, chukua upana wa mmea ukiwa mkubwa na ugawe kwa mbili: hiyo ndiyo nafasi ndogo kabisa kutoka ukutani. Vibete unaweza kuvipanga kila baada ya mita 1, vichaka vya kati mita 2 hadi 3, na aina za miti mita 4 au zaidi. Hewa ipite katikati. Usiipande juu ya sehemu ya kuegesha gari, kwani maua yakipukutika hutapakaa, na vidukari wakiingia hudondosha umajimaji unaonata kwenye kioo na bodi.

Kupanda

Penye majira ya baridi, panda mwanzoni mwa machipuko, au baada ya joto kupungua ikiwa kwenu baridi si kali sana. Penye joto mwaka mzima, panda mvua zinapoanza. Mche wa kwenye mfuko au kopo unaweza kupandwa wakati wowote, lakini wa katikati ya joto kali utakufunga kwenye kazi ya kumwagilia.

1. Chimba shimo lenye upana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, lakini kina kiwe sawa na bonge, si zaidi. Ukichimba kina kirefu ukajaza udongo laini chini, mche utadidimia.

2. Toa mche kwenye mfuko na utazame mizizi. Ikiwa imejizungusha, itenganishe kwa vidole, na ile iliyokomaa kwenye duara uikate kwa kisu. Ukiiacha itaendelea kuzunguka hivyohivyo hata baada ya kupandwa.

3. Weka mche ili sehemu ya juu ya bonge ilingane na uso wa ardhi, au izidi kidogo tu. Pale shina linapokutana na mizizi pasifukiwe.

4. Rudisha udongo uleule uliouchimba. Shimo lililojazwa mboji tupu huifanya mizizi ibaki humo humo. Kama udongo wako ni hafifu sana, changanya mboji kwenye eneo lote la kupandia na si shimoni peke yake.

5. Mwagilia polepole hadi maji yafike chini, kisha tandaza majani makavu au vipande vya magome kwa unene wa sentimita 5 hadi 8. Matandazo yasiguse shina. Acha duara tupu la upana wa kiganja.

Kwenye chungu, tumia kibete, na chungu kiwe na upana wa sentimita 40 au zaidi na matundu ya kutosha chini. Cha kwenye chungu hukauka haraka, hivyo katika joto kinaweza kutaka maji kila siku.

Maji na mbolea

Msimu wa kwanza, mwagilia mara mbili kwa wiki kama hakuna mvua, maji mengi kwa mara moja, badala ya kunyunyiza kidogo kila jioni. Maji ya juujuu huifanya mizizi nayo ikae juujuu. Kuanzia mwaka wa pili inajitegemea, ila ukame ukizidi wakati wa kuchanua, ipe maji, la sivyo vishada vitakuwa vidogo. Elekeza maji ardhini, usilowanishe majani.

Mbolea ni ya kuogopa kuliko ya kukosa. Mboji kidogo juu ya udongo mwanzoni mwa ukuaji inatosha kwa bustani nyingi. Naitrojeni nyingi huleta matawi marefu mateketeke yenye majani mengi na maua haba, na vidukari hupenda machipukizi ya namna hiyo. Wengi hawajui kwamba wanailisha: mbolea ya nyasi inayomwagwa karibu na kichaka huchukuliwa na mizizi yake pia. Kama lagastromia yako inapendeza kwa majani na haitoi maua, tazama kwanza jua, kisha hiyo mbolea ya nyasi.

Kupogoa, na jinsi ya kutoiharibu

Jambo la kulielewa kabla ya kushika mkasi: lagastromia hutoa maua kwenye matawi yaliyoota msimu huohuo. Kwa hiyo ukipogoa kabla ya kuchipua hupotezi ua hata moja. Ukweli huu ndio ulioleta balaa, kwa sababu watu wakaona kwamba hata ukikata shina lote katikati, kichaka kitachanua tu. Kitachanua, ndiyo. Lakini angalia kinachotokea. Kwenye kila kisiki huibuka kichaka cha fimbo nyembamba, ndefu, zisizo na nguvu, na kila moja ina kishada kizito nchani. Mvua ya kwanza ikinyesha zote zinainama au kuvunjika. Mwaka unaofuata zinakatwa palepale, na wa tatu vilevile, hadi juu ya kila shina panaota kifundo kikubwa kama ngumi. Umbo la asili la mmea limekwenda, na maotea ya shinani yanaongezeka kwa hasira. Anayefanya hivi kwa kawaida anapambana na mmea uliopandwa mahali pasipoutosha. Aina ya mita 7 chini ya dirisha haitakuwa ya mita 2 hata ukiikata kila mwaka hadi uzeeke. Ing'oe, uihamishe, upande ya kimo kinachofaa.

Wakati sahihi ni mwishoni mwa baridi, kabla vichomozo havijavimba. Pasipo na baridi, ni mwishoni mwa kiangazi kabla ya mvua. Usipogoe mmea unapoelekea kwenye baridi, kwani utauamsha utoe machipukizi mateketeke yatakayoungua.

Anzia chini. Maotea yote yanayotoka kwenye mizizi na shingo ya mmea yaondoe, na yakiwa bado machanga yang'oe kwa mkono, maana ukiyakata kwa mkasi hurudi upesi. Kisha amua mashina utakayobakiza: matatu, manne au matano yaliyoachana vizuri, mengine yakate usawa wa ardhi. Uamuzi huu hufanywa mmea ukiwa mdogo, na ukifanywa vizuri kazi ya miaka inayofuata inakuwa ndogo sana.

Panda juu kwa macho. Toa yaliyokufa, yaliyovunjika, yanayosuguana na yanayoelekea ndani. Kila tawi likatwe pale linapoungana na jingine, usiache kijiti kimesimama. Matawi ya chini ya pembeni unaweza kuyapunguza kidogokidogo mwaka hadi mwaka ili magome yaonekane. Matawi matatu au manne kwa msimu yanatosha. Huko kileleni, tawi lenye unene wa kidole gumba au zaidi liache. Unaruhusiwa kuondoa ncha nyembamba zenye vikonyo vya mbegu za mwaka jana, ila hata hizo zikibaki hazizuii maua mapya. Kwa lagastromia iliyochaguliwa vizuri, kazi yote hii humalizika kwa muda mfupi, na mtu akipita hajui kama umegusa kitu. Hiyo ndiyo alama ya upogoaji mzuri hapa.

Je, iliyokwisha kukatwa vichwa inaweza kuponywa? Inaweza. Juu ya kila kifundo chagua fimbo mbili au tatu zenye nguvu zinazoelekea nje, kata nyingine zote, na uzipe miaka miwili au mitatu zinenepe. Vifundo vikiwa vibaya mno, kata mashina yote usawa wa ardhi mwishoni mwa baridi, kisha kati ya vichipukizi vitakavyoibuka chagua vichache vya kuwa mashina mapya. Mizizi iliyokomaa ina nguvu, na kichaka hurudi kwa kasi ya kushangaza.

Vishada vya kwanza vikimaliza, ukivikata kabla ya mbegu kukomaa, mmea mara nyingi hutoa awamu ya pili ya maua. Fanya hivyo kwa vinavyofikiwa na mkono. Si kazi ya kupandia ngazi.

Wakati huo tazama ua kwa karibu. Tumba ni duara dogo gumu, na likikaribia kupasuka ukilibana polepole kwa vidole linafunguka kwa mlio mdogo, jambo ambalo watoto hawachoki nalo. Ndani yake kuna petali sita, kila moja imesimama kwenye kijiti chembamba na ukingo wake umejikunja, na katikati pana nyuzi nyingi za njano zikizungukwa na sita ndefu zaidi zilizopinda. Nyuki huzijia hizo.

Maradhi na wadudu

Ubwiri unga ndio unaojulikana zaidi: utando mweupe wa unga kwenye majani machanga na matumba, ambao ukizidi hukunja majani na matumba hayafunguki. Hupenda kivuli, hewa iliyosimama, na kipindi cha siku za joto zenye usiku wa baridi. Dawa yake ya kudumu ni jua, nafasi na aina zinazoustahimili. Ukishaingia, kata ncha zilizoathirika na uzitoe bustanini.

Vidukari wa lagastromia ni wa kijani na njano, nao hukaa upande wa chini wa jani. Wao wenyewe ni wadogo, lakini hutoa umajimaji mtamu unaodondokea majani ya chini, na juu yake huota kuvu mweusi unaofanana na masizi. Wengi hukimbilia kutibu weusi huo wakati chanzo kiko juu yake. Wapige vidukari kwa mkondo wa maji wenye nguvu chini ya majani, urudie baada ya siku chache. Wakizidi, tumia sabuni ya kuulia wadudu jioni jua likishatua. Mbawakavu wadogo wekundu wenye madoa meusi wakionekana, waache. Wamekuja kula vidukari.

Mdudu wa kuogopa zaidi ni wadudu gamba wa magomeni, Acanthococcus lagerstroemiae, wenye asili ya Asia, ambao walionekana Marekani mara ya kwanza jimboni Texas mwaka 2004 na tangu hapo wameenea. Utaona vijidonge vyeupe vya utando kwenye makutano ya matawi na kwenye makovu ya upogoaji, vikifuatwa na weusi kwenye shina zima. Kiponde kimoja kwa kucha: kikitoa majimaji ya waridi, ndiyo hao. Sugua mashina kwa brashi laini na maji ya sabuni ya vyombo, kisha suuza. Mmea haufi kwa haraka, lakini maua hupungua. Kabla ya kununua mche, kagua makutano ya matawi yake.

Sumu zinazomwagwa kwenye udongo zikapanda hadi kwenye majani zina tatizo: nyingine hufika hadi kwenye ua, na lagastromia iliyochanua huwa imejaa nyuki. Kwa vidukari tu, mimi sioni sababu ya kufika huko.

Mambo yanayotisha bure

Magome kubanduka vipande vipande si ugonjwa. Shina lililokomaa huvua ngozi yake ya juu na kuacha mabaka ya kijivu, krimu na kahawia. Usilipake chokaa wala dawa.

Kuchelewa kuchipua pia si kifo. Lagastromia huamka nyuma ya mimea mingi, na watu wameing'oa ikiwa hai. Kwaruza gome la tawi dogo kwa kucha. Chini kukiwa na ukijani, subiri. Na ikiwa baridi imeua matawi yote, jambo linaloweza kutokea halijoto ikishuka hadi nyuzi 15 au 18 chini ya sifuri, kata yaliyokufa na usubiri machipukizi ya shinani. Kwa kuwa hutoa maua kwenye matawi mapya, inaweza kuchanua mwaka huohuo.

Kuzalisha miche yako

Mbegu huota kwa urahisi, lakini mche wa mbegu hautafanana na mama yake kwa rangi wala kimo, na kama kimo ndicho ulichokichagua kwa makini, hiyo ni hasara. Ukitaka ileile, tumia vipandikizi.

Katika kipindi cha ukuaji, kata ncha ya tawi changa lisilo na ua, urefu wa sentimita 10 hadi 15, lenye vifundo (mahali majani yanapotokea) vitatu au vinne. Toa majani ya chini, bakiza mawili au matatu juu. Chomeka kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji wenye unyevu, funika kwa mfuko wa plastiki unaoonyesha, na uweke penye mwanga bila jua kali. Fungua mfuko kila siku chache hewa ibadilike. Baada ya wiki tatu au nne vuta polepole. Kikikataa kung'oka, kimeshika mizizi. Unaweza pia kutumia vijiti vikavu vya unene wa penseli, sentimita 15 hadi 20, vilivyokatwa wakati mmea umepukutisha majani. Hivyo huchukua muda mrefu zaidi lakini havihitaji kufunikwa, na kwa kuwa ni mabaki ya siku ya kupogoa, havigharimu kitu. Weka alama upande wa juu kabla ya kuvichomeka, maana kikigeuzwa kichwa chini hakioti.

Mche mpya uhamishie kwenye kopo kubwa zaidi, uulee humo hadi msimu unaofuata, kisha urudi kwenye shimo, bonge na matandazo kama ilivyoelezwa hapo juu.